Kiherehere na Panya Wazee

Tangu utotoni alikuwa hatulii. Ukimkalisha kwenye kiti, mguu mmoja unapiga sakafu na mwingine umeshaelekea mlangoni. Mjomba wake, aliyemchukua kumlea baada ya mama mzazi kufariki, ndiye aliyempa jina la Kiherehere, na jina likamganda. Shuleni walimwita hivyo, kwenye chuo cha udaktari wa mifugo walimwita hivyo, na siku ya mahafali, wenzake wakiwa wamejipanga na majoho yao, Mjomba alipaza sauti kutoka nyuma ya umati: "Kiherehere wetu, simama basi tupige picha!"

Mahali pekee alipotulia palikuwa mbele ya hadubini.

Alifanya kazi katika kituo cha utafiti wa kiharusi, ghorofa ya juu ya jengo refu lenye lifti isiyoaminika. Kazi yake ilikuwa kupasua panya. Si panya wa darini, la, ni wale weupe wanaofugwa kwa ajili ya utafiti, kila mmoja na kizimba chake na maji yake safi. Watafiti walikuwa wanatafuta namna ya kuwasaidia watu ambao sehemu ya ubongo imekatiwa damu ghafla. Dawa mpya haianzi kwa binadamu, inaanza kwa mnyama. Lakini panya hapatwi na kiharusi kwa sababu wewe unakitaka leo. Lazima mtu akitengeneze, tena kwa ustadi, kisiwe kikubwa kikamuua wala kidogo kikakosa maana. Mtu huyo alikuwa Kiherehere.

Alimlaza panya kwa dawa ya usingizi, akamnyoa shingo, akapasua mahali padogo, akautafuta mshipa mwembamba kuliko njiti ya kiberiti. Humo aliingiza uzi wenye kichwa cha mpira laini, akausukuma polepole kuelekea kichwani hadi ukaziba tawi linalolisha ubavu mmoja wa ubongo. Pembeni kulikuwa na kamera inayoona damu ikipita chini ya fuvu. Uzi ukifika, rangi nyekundu kwenye skrini inageuka samawati upande mmoja, kama kiwingu kimetanda. Baada ya muda aliuvuta uzi, damu ikarudi, akashona, akampa panya dawa ya maumivu na kumlaza kwenye mkeka wa joto mpaka azinduke.

Usidhani alifanya hayo kwa moyo mkavu. Kila mmoja alimnong'oneza, "Samahani, mzee," hata akiwa jike.

Siku zilizofuata aliwapima. Panya mwenye kiharusi ukimwachia sakafuni anazunguka upande mmoja kama mtu aliyepoteza ufunguo. Ukimbandika kipande cha plasta kwenye kiganja kilichopooza, hajui hata kama kipo. Mzima anaking'oa mara moja kwa meno. Kadiri anavyochelewa kukibandua, ndivyo ubongo ulivyoumia zaidi.

Wakati huo walikuwa wanajaribu dawa moja ambayo wao kwa wao waliiita ya Bluu, kwa sababu ya kifuniko cha chupa yake. Ilidungwa siku kadhaa mfululizo baada ya kiharusi, na kazi yake ilikuwa kuufanya ubongo uote vijishipa vipya vya damu kuzunguka sehemu iliyoumia. Na viliota kweli. Panya waliopata ya Bluu walinyooka wakatembea, plasta wakaing'oa. Mkuu wa maabara, profesa mmoja mama asiyecheka ovyo, alionekana akiimba kwenye korido.

Jambo kama hilo Kiherehere angelifichaje? Jioni hiyohiyo alifika kwa Mjomba akiwa amejaa maneno. Mjomba alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, karakana yake ikiwa ubavuni mwa nyumba, na mtaa mzima ulimwita Cheche. Mkewe, ambaye Kiherehere alimwita Mama tangu siku ya kwanza alipolala kwao, alikuwa anakunja nguo sebuleni.

"Mama, panya waliopooza wanatembea!" alisema hata hajavua viatu. "Nimewapasua mwenyewe, na kwa macho yangu nimeona wakitembea!"

"Daktari wa panya huyo," Mjomba akacheka. "Siku panya wakipiga kura, wewe ndiye rais."

Walicheka wote watatu, na Mama akayaweka maneno yale moyoni.

*

Haikupita miezi mingi. Asubuhi ya Jumamosi Kiherehere alikuwa karakanani akimshikia Mjomba futi ya kupimia, na Mjomba akimsimulia habari za mteja mmoja aliyetaka geti kubwa kuliko nyumba yenyewe. Katikati ya kisa, maneno yakawa mazito. Akarudia neno moja, akalirudia tena, mwishowe likatoka kama limetafunwa. Waya wa kuchomelea ukamwanguka kutoka mkono wa kulia.

"Mjomba, inua mikono yote miwili."

"Mkono ume... umelala tu."

"Inua!"

Wa kushoto ulipanda. Wa kulia ulifika kiunoni ukashuka. Pembe ya mdomo ilikuwa imelegea. Kiherehere alikuwa ameiona ishara hiyo mara nyingi mno, kwa viumbe wenye mikia.

Jirani mwenye gari la mizigo aliwakimbiza hospitali. Walifika mapema, na kwa hilo daktari wa zamu aliwasifu. Lakini presha ya Mjomba ilikuwa imepanda mno na haikukubali kushushwa kwa haraka.

"Ipo dawa ya kuyeyusha donge la damu," daktari alimweleza Kiherehere, "lakini kwa presha hii tukimpa tunaweza kumtoboa mshipa kichwani. Atavuja damu."

"Naelewa," alijibu, na kweli alielewa. Hakuketi mpaka Mjomba alipohamishiwa wodini. Alitembea ile korido mpaka mfagiaji akamwomba aende akatembee ghorofa nyingine, maana alikuwa anamkanyagia sakafu mbichi.

Mjomba hakufa. Alirudi nyumbani na upande wa kulia uliokufa ganzi na ulimi unaosita. Mtu aliyekuwa anabeba geti begani sasa alihitaji mtu wa kumfunga vifungo vya shati. Kitanda kilihamishiwa sebuleni, karibu na dirisha la karakana, ili angalau aone vyuma vyake.

Kiherehere alikuja kila siku baada ya kazi, na kila siku alikuwa mzigo. Alimnyoosha Mjomba mguu, akaacha katikati, akaenda kuchemsha maji, akayasahau jikoni, akarudi kumgeuza mto ambao haukuhitaji kugeuzwa. Alipoketi, macho yake hayakuketi. Alimtazama Mjomba na bila kutaka alikuwa anampa alama kichwani: bega limeshuka, mguu unaburuta, shingo inaegemea kushoto.

Siku moja Mama alimbadilishia Mjomba bandeji ya kidonda kilichotokana na kulala, na kipande cha plasta kikabaki kimenata kwenye kiganja cha kulia. Mjomba hakukiona wala hakukihisi. Kiherehere alikiona. Badala ya kukibandua, alisimama akakikodolea macho, akisubiri kuona Mjomba atachukua muda gani. Mama ndiye aliyemshtua.

"Unamtazama hivyo kwa nini?" alisema, sauti chini lakini kali. "Huyu si panya wako."

Kiherehere aliona haya mpaka masikio yakamchemka. Alikibandua kile kipande, akakifinyanga mkononi, akashindwa kujua akitupe wapi.

Lakini Mama naye hakuwa ameyamaliza. Alimfuata mpaka jikoni.

"Ile dawa," alisema.

"Dawa ipi?"

"Usijifanye hujui. Ile ya kutembeza waliopooza. Ulikuja hapa ukaruka kama umeshinda bahati nasibu."

"Mama, ile ni ya panya."

"Na panya wako ana ubongo wa mbao? Si ulisema ni uleule, ndiyo maana mnawapasua?"

"Haijajaribiwa kwa mtu hata mmoja."

"Basi ijaribiwe kwa huyu. Yeye mwenyewe anataka. Muulize."

Hakuhitaji kuuliza. Kutoka sebuleni, sauti ya Mjomba ilikuja ikijikongoja neno kwa neno: "Ni... pe. Nimechoka... kufungwa vifungo."

*

Tangu siku hiyo hata hadubini haikumtuliza. Asubuhi moja aliusukuma uzi vibaya ukatoboa mshipa, panya akavuja damu akafa palepale mezani. Mlisha panya wa maabara, mzee mpole aliyewajua wanyama wake mmoja mmoja, alikuja kumchukua yule mfu na kumwambia, "Nenda nyumbani ukapumzike, dada." Angemwambia nini? Nyumbani ndiko kulikokuwa kunamsumbua.

Alijua hoja zote za kukataa na hazikumsaidia. Kila alipofumba macho aliona panya wakinyooka wakatembea. Halafu alimwona Mjomba akijaribu kufunga kifungo kwa mkono mmoja, akitukana kwa ulimi ambao hata matusi ulishindwa kuyamaliza. Ya Bluu ilikuwa kwenye friji, hatua chache kutoka kiti chake, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Ni nani angejua?

Adhuhuri moja, wenzake walipokwenda kula, alifungua friji, akachukua chupa, akaitia kwenye chupa ya chai iliyojaa barafu, akatoka. Lifti ilimkwamia kidogo kati ya ghorofa mbili, naye akasimama humo ameikumbatia ile chupa kama mtoto mchanga, jasho likimtiririka.

Mama alimpokea mlangoni, akafunga mlango na kuvuta mapazia, ingawa jua lilikuwa bado kali. Mjomba alikuwa ameketi kitandani. Alipoona sindano, hakusubiri mtu: alikamata mkono wa shati kwa meno, akaupandisha kwa mkono wa kushoto mpaka begani. Kisha akamtazama mpwa wake akatabasamu kwa upande uliobaki.

Kiherehere akaanza kuvuta dawa. Kiasi gani? Panya wake alikuwa na uzito wa mfuko mdogo wa sukari. Alianza kukokotoa: uzito wa Mjomba, mara hiki, gawa kwa kile. Alipofika katikati akagundua kwamba anabahatisha. Panya wote aliowahi kuwadunga ya Bluu walikuwa vijana, wamenona, mishipa yao laini kama mirija mipya. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mzee, wala mwenye presha. Dawa hiyo hakuwahi kuitia kwenye mwili wowote unaofanana na huu uliokuwa umekunja shati mbele yake.

"Mama, presha yake leo vipi?"

"Haijashuka. Kwani inahusu nini? Dunga."

Sindano ilikuwa juu, tone likining'inia kwenye ncha. Kiherehere aliishusha, akaichomeka kifuniko, akairudisha kwenye barafu.

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Sijui itamfanya nini, Mama. Hakuna anayejua."

Mama alisimama. "Tulikuchukua ukiwa huna hata viatu," alisema. "Huyu alichomelea mpaka macho yakamwaka ili wewe usome. Leo amekuomba kitu kimoja. Kimoja! Umekileta mpaka hapa, umekipitisha puani mwake, halafu unamwambia huwezi?"

"Mama, nisikilize..."

"Toka. Kawatibu hao panya wako."

Kiherehere aligeuka kwa Mjomba. Mjomba alikuwa ameelekeza uso dirishani, shati bado limekunjwa begani, na hakumgeukia.

Kiherehere alitoka, akatembea mitaa ambayo hakuwa na shughuli nayo. Alipita maduka ya rangi, vituo vya mafuta, uwanja ambao vijana walikuwa wanagombania penalti, bila kuona kitu. Kila alipokumbuka shati lile miguu iliongeza mwendo. Aliposimama mwishowe, barafu ilikuwa imeyeyuka yote.

Kesho yake aliingia ofisini kwa Profesa, akaiweka chupa mezani, akasema kila kitu. Profesa alisikiliza bila kupepesa. Kisha akanyoosha mkono, akaomba ufunguo wa friji, akapewa.

"Ungemuua," alisema.

"Au ningemponya," alijibu Kiherehere. "Hilo ndilo linalonitafuna, Profesa. Nilikataa bila kujua nilichokikataa."

Profesa angeweza kumfukuza, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alimwandikia onyo kali, akamwondoa kwenye shughuli zote za dawa, akamwachia kisu na uzi tu. Jaribio la panya wazee wenye presha lilikuwa limepangwa kufanywa mwaka unaofuata. Akaamua lianze sasa.

*

Panya wazee walikuwa kazi nyingine kabisa. Mishipa yao ilikuwa migumu na yenye makunyanzi, uzi ulikwama kwenye kona, wengine hawakuzinduka kutoka usingizini. Wiki za kwanza Kiherehere aliharibu zaidi ya alichofanikisha. Aliagiza nyuzi nyembamba zaidi, akajifunza kusimamisha mkono na kusubiri mshipa ulegee wenyewe, jambo la kusubiri likiwa kwake sawa na adhabu. Polepole walianza kupona vizuri. Mwenzake wa chumba kingine aliwadunga, nusu kwa ya Bluu na nusu kwa maji ya chumvi, na siri ya nani kapata nini ilifungiwa kwa Profesa, ili anayepima asije akapendelea.

Nyumbani kwa Mjomba hakukanyaga. Alijaribu mara moja, Mama akampita uani kana kwamba anapita nguzo. Kilichomshangaza ni simu. Baada ya kimya kirefu uliingia ujumbe kutoka kwa Mjomba, umeandikwa kwa gumba la kushoto, herufi zimekosewa: "Vp kherhere." Alikaa nao siku nzima. Akajibu, "Nipo, Mjomba. Nawapasua wazee wenzako." Jibu likaja: kichwa cha njano kinachocheka mpaka machozi.

Mwishowe siku ya kufungua siri ikafika. Walikaa wote kwenye chumba cha mikutano, picha za ubongo zimepangwa ukutani, vipande vyembamba vya kila panya. Hata kabla ya majibu ilionekana kwamba ubongo wa panya wengi wa kundi moja ulikuwa na madoa meusi, damu iliyovuja na kuganda. Kiherehere alijikuta anaomba kimoyomoyo kwamba hao wawe wa maji ya chumvi. Hakutaka kuwa amekosea, na hakutaka kuwa sahihi.

Profesa alisoma. Wenye madoa walikuwa wa ya Bluu. Vijishipa vipya viliota kama kawaida, ila vilikuwa laini mno kwa presha ile, vikapasuka.

Kazi yao ya muda mrefu ilikuwa imebomoka hapo mbele yao, na Profesa aliyeimba kwenye korido sasa alikuwa anatazama viatu vyake. Kiherehere alitoka, akaingia chumba cha kuoshea vizimba, akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa. Alidhani atapumua. Badala yake aliona waziwazi tone lile kwenye ncha ya sindano.

Aliomba ruhusa ya kuchukua picha moja, akaenda nayo kwa Mjomba. Mama alimkuta mlangoni, bahasha mkononi.

"Mama, sikuja kubishana. Nataka uone kitu kimoja, halafu niondoke."

Mama alifuta mikono kwenye kanga, akaichukua ile picha, akaisogeza kwenye mwanga.

"Hii nyeusi ni nini?"

"Damu. Imevuja."

"Panya mwenye presha?"

"Ndiyo. Mzee mwenye presha."

"Na dawa ni ileile uliyokuja nayo?"

"Ileile, Mama."

Mama aliitazama picha muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Walikufa vibaya?"

"Tuliwalaza usingizi kwanza. Hawakusikia."

"Sawa." Alimrudishia bahasha. "Lakini ujue hivi. Tumaini ulinipa wewe, kwa mdomo wako, na ukaninyang'anya wewe, kwa mkono wako. Hilo bado linaniuma."

"Najua."

"Haya, ingia. Usisimame mlangoni kama mdai kodi."

Hawakukumbatiana. Mama alirudi jikoni akagonganisha vyombo kwa nguvu, na Kiherehere akaenda kuketi kitandani miguuni pa Mjomba, akamweleza yote. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho.

"Hao wazee," alisema kwa taabu, "wame... nifia mimi."

Kiherehere akamshika mguu mbovu na kuanza kuunyoosha. Safari hii hakuacha katikati.

Mambo yalivyokuja kuwa ni hivi. Mguu wa Mjomba ulirudi kiasi cha kumfikisha karakanani kwa mkongojo wa chuma. Ulimi ulirudi zaidi, na utani ulitangulia kurudi kabla ya sarufi. Mkono wa kulia haukurudi. Alijifunza kuchomelea kwa wa kushoto, na mistari yake ikawa inapinda. Mteja mmoja alipolalamika alimwambia, "Geti si la... kutazamwa. Ni la kufungwa." Mteja akalichukua.

Maabara ilitangaza matokeo kama yalivyokuwa, na watafiti wa mbali ambao nao walikuwa wanaitazama dawa hiyo wakaandika kwamba wamesimamisha kwanza majaribio yao. Ufunguo wa friji Kiherehere hakurudishiwa mpaka mwaka mwingine. Aliendelea kuwafundisha wengine namna ya kupita kwenye mishipa migumu ya wazee, akizungukazunguka nyuma ya viti vyao mpaka wakamwomba aende nje.

Nyumbani aliacha kubeba habari za kazini. Jumapili moja, wakiwa uani, Mama mwenyewe ndiye aliyeuliza, bila kuinua macho kutoka kwenye shati alilokuwa anatoa vifungo na kushonea zipu.

"Siku hizi mnajaribu nini huko?"

Kiherehere alifungua mdomo. Kulikuwa na dawa mpya, na panya wachache, na kitu fulani kwenye skrini ambacho kilikuwa kimemkosesha usingizi wiki nzima kwa furaha. Aliuma midomo, akainuka, akazunguka uani mara moja, akarudi akaketi.

"Bado hatujui, Mama."

"Mkijua mtatuambia," alisema Mama, akakata uzi kwa meno.